Jinsi ya Kumuaga Baharia Anayevuka Bahari Kuu Peke Yake Bila Kumharibia Safari

Marafiki wengi wanaodhani wamemuaga vizuri mtu anayevuka bahari kuu peke yake wamemchosha tu. Wamekesha naye hadi alfajiri, wamemrundikia zawadi asizo na pa kuziweka, wamemshikia kamba kombo, kisha wamerudi majumbani bila hata mmoja wao kujua apigiwe nani simu siku rafiki yao akinyamaza.

Nimekuwa mmoja wao. Mara ya kwanza niliyosindikiza, niliifungua kamba ya tezi, yaani ya nyuma ya boti, na kuitupa majini huku napunga mkono. Ikazama, ikavutwa chini ya boti, ikajisokota kwenye rafadha, lile panga linaloisukuma boti. Rafiki yetu, aliyekwisha kumuaga kila mtu, alivua nguo na kupiga mbizi na kisu mdomoni kwa zaidi ya nusu saa. Alipotoka bandarini maji yalikuwa yamegeuka, ametapakaa mikwaruzo ya chaza mikononi, na sisi tulikuwa tumesimama gatini hatujui tumtazame usoni au la.

Tangu siku hiyo nimesindikiza wengine, na makosa ninayoyaona ni yale yale. Mwongozo huu ni wa walio nchi kavu. Anayeondoka ana orodha zake za tanga, maji na vipuri, msimwingilie huko. Kazi yenu ni moja: kila mnalomfanyia limpunguzie mzigo. Likimwongezea, liacheni, hata kama linapendeza kwenye picha.

## Vya kuandaa kabla ya hatua ya kwanza

- Daftari moja la karatasi, na picha za kurasa zake kwenye simu za watu 2.
- Namba za simu za kituo cha uratibu wa utafutaji na uokoaji majini cha nchi anakotoka na cha nchi anakokwenda.
- Namba ya utambulisho ya EPIRB, yaani kile kifaa cha dharura kinachoita satelaiti. Kwa kawaida ina herufi na tarakimu 15 kwa jumla. Inakiliwe kutoka kwenye kifaa chenyewe.
- Namba ya MMSI ya boti, yaani namba yake ya utambulisho kwenye redio, yenye tarakimu 9, pamoja na jina lake la mwito la redio.
- Namba ya simu yake ya satelaiti, na anwani ya ramani inayoonyesha kifaa chake cha kufuatilia.
- Saa moja ya ukutani au ya mkononi iliyowekwa kwenye UTC, yaani saa moja ya pamoja inayotumika dunia nzima.
- Bahasha 3 hadi 5 zisizopenya maji.
- Glavu za kushikia kamba, jozi 2.
- Jaketi okozi kwa kila atakayepanda boti ya kusindikiza. Kila mmoja lake.

Hakuna keki kwenye orodha, wala fataki. Sababu ya fataki mtaiona mbele.

## Hatua ya 1: Chagueni mshika daftari mmoja

Wiki 3 au 4 kabla ya safari, mtu mmoja apewe kazi ya kushika daftari. Mmoja tu, na msaidizi wake mmoja. Kamati ya watu kumi haifai, maana siku ya wasiwasi kila mmoja atadhani mwenzake amekwisha kupiga simu, au wote kumi watapiga kwa mpigo na kila mmoja atatoa habari tofauti.

Msimchague anayempenda baharia kuliko wote. Mke, mume au mama mara nyingi ndiye wa kwanza kujitolea, lakini ndiye atakayeumia zaidi usiku ambao ramani haisogei. Mchagueni mtu mtulivu, anayelala karibu na simu yake, na asiyeona haya kuuliza swali mara mbili.

Baharia naye aende kwenye usajili wa EPIRB na kuandika jina na namba ya mshika daftari kama mtu wa kupigiwa wakati wa dharura. Hapa ndipo watu huteleza zaidi. Kifaa hutangaza kwenye masafa ya MHz 406, satelaiti za mfumo wa Cospas-Sarsat hukisikia popote duniani, na ujumbe hufika kwenye kituo cha uokoaji. Kituo hufungua usajili kutafuta nani wa kuuliza, kinakuta namba ya simu ya mwenye boti wa zamani.

Hatua hii imekamilika pale mshika daftari anapoona kwa macho yake karatasi au ukurasa wa usajili wenye namba yake, boti sahihi na rangi sahihi. Kuambiwa "nimeshajisajili" hakutoshi.

## Hatua ya 2: Jazeni karatasi ya safari

Kaeni naye saa moja, simu zimezimwa, na muandike:

Jina la boti, urefu, rangi ya ubavu, rangi ya sitaha, idadi ya milingoti, namba iliyo kwenye tanga. Rangi ya boti okozi na inabeba watu wangapi. Maradhi yake, dawa anazotumia, kundi la damu. Tarehe ya kuondoka, njia anayokusudia, bandari 2 au 3 ambazo anaweza kukimbilia akipata tatizo. Na siku za kufika.

Siku za kufika zinahitaji hesabu, si matumaini. Chukueni mfano wa njia inayopitwa na wengi, kutoka Visiwa vya Canary hadi visiwa vya mashariki mwa Karibi. Ni takribani maili 2,700 za baharini. Boti ndogo ikienda wastani wa maili 6 kwa saa, hiyo ni maili 144 kwa siku, atafika kwa siku 19. Ikienda wastani wa maili 4, atafika kwa siku 28. Andikeni zote mbili. Ya 19 ni ya kutayarisha mapokezi. Ya 28 ndiyo ya kuanza kuhesabu kwamba amechelewa. Anayeandika "atafika siku ya 19" peke yake amewaandikia watu siku tisa za kulia bure.

Sasa suala la saa, na hili ni letu sisi tunaozungumza Kiswahili. Mtu akikuandikia "nitaita saa 3", amesema nini? Inaweza kuwa 09:00 kwa saa za aliko, inaweza kuwa 21:00, na kama amekwisha kuzoea saa za meli, inaweza kuwa 03:00 ya UTC. Baharia anavuka kanda za saa, saa ya kwake inasogea kila siku chache, ya kwenu imesimama. Kataeni kabisa maneno "asubuhi" na "usiku" kwenye daftari. Andikeni tarakimu nne na UTC mbele yake: 18:00 UTC. Saa iliyowekwa UTC itundikwe mahali mshika daftari anapolala.

Jipimeni hivi: mtu asiyemjua baharia wala boti asome karatasi hiyo kwa sauti, kama anayeongea na kituo cha uokoaji kwa simu. Akikwama mahali, hapo hapajajazwa.

## Hatua ya 3: Kubalianeni kuhusu kimya

Hii ndiyo hatua ndefu kuliko zote, na ndiyo inayorukwa na karibu kila mtu kwa sababu haipendezi kuizungumza.

Kifaa cha kufuatilia kitanyamaza. Chukulieni hivyo tangu mwanzo. Kitaishiwa chaji, kitaingia maji, kitafunikwa na tanga lililokunjwa, au malipo ya mwezi yatakwisha kwa sababu kadi iliyowekwa imekwisha muda. (Hili la malipo liondoeni mapema: lipieni miezi miwili zaidi ya mnayoihitaji.) Nukta yake ikiacha kusogea kwenye ramani, maana yake ni kwamba kifaa kimenyamaza. Habari za mtu mwenyewe bado hamna.

Robin Knox-Johnston aliondoka Falmouth, Uingereza, tarehe 14 Juni 1968 kuizunguka dunia peke yake bila kusimama. Redio yake iliharibika njiani. Baada ya kuonekana karibu na New Zealand mwezi Novemba, ilipita zaidi ya miezi minne bila mtu wa nchi kavu kujua yuko wapi. Alirejea Falmouth tarehe 22 Aprili 1969 akiwa mzima. Leo saa sita za kimya zinatosha kuwafanya watu wapigiane simu wakilia.

Kwa hiyo andikeni ngazi, na baharia mwenyewe aikubali kwa sahihi yake. Hii ninayoitumia mimi:

1. Saa 0 hadi 24 za kimya: hakuna simu. Mshika daftari anaandika mahali pa mwisho palipoonekana, muda wake wa UTC, mwelekeo na mwendo. Anakagua kama malipo ya kifaa yako hai.
2. Saa 24 hadi 48: ujumbe unatumwa kwa njia ya pili, yaani simu ya satelaiti kama kilichonyamaza ni kifaa cha kufuatilia, au kinyume chake. Kampuni ya huduma inaulizwa kifaa kilizungumza lini mara ya mwisho.
3. Saa 48 hadi 72: mshika daftari anapiga simu kituo cha uokoaji. Haombi meli itumwe. Anatoa taarifa, anasoma karatasi ya Hatua ya 2, anauliza wanaonaje. Wao wanaweza kuziomba meli zinazopita eneo hilo zimwite kwenye redio na kufungua macho.

Ngazi hii inavunjwa na mambo mawili: ujumbe wa mwisho ukiwa wa shida, au EPIRB ikilia. Hapo hakuna kusubiri hata dakika moja.

Kuhusu EPIRB kulia. Ikitokea, simu ya mshika daftari italia kutoka namba ngeni ya nchi ngeni, pengine saa nane za usiku. Watu wengi hawapokei namba wasizozijua. Zihifadhini namba za vituo kwenye simu kwa majina, na simu iachwe na mlio usiku kucha kwa safari nzima. Sehemu kubwa ya miito ya vifaa hivi duniani huwa ni ya bahati mbaya: kimedondoka, kimeloa, mtoto amekibonyeza. Kwa hiyo swali la kwanza la afisa litakuwa kama boti iko kweli baharini. Mkijibu "ndiyo, yuko peke yake, jana 18:00 UTC alikuwa hapa, boti okozi yake ni ya rangi ya machungwa", mmempa cha kuanzia kazi. Mkijibu "ngoja nimuulize dada yake", mmekula muda. Betri ya kifaa hicho imetengenezwa kutangaza kwa saa 48 au zaidi, lakini mtu aliye ndani ya maji baridi hana saa 48.

Na mfumo huo unafanya kazi. Novemba 2022, katikati ya Golden Globe Race, mashindano ya kuizunguka dunia peke yako kwa tanga, boti ya Tapio Lehtinen wa Ufini ilizama kusini mwa Bahari ya Hindi kwa muda wa dakika chache tu. EPIRB ilitangaza, na aliyegeuza njia kwenda kumtoa kwenye boti okozi alikuwa mshindani mwenzake, Kirsten Neuschäfer wa Afrika Kusini, naye pia akiwa peke yake.

## Hatua ya 4: Ulizeni swali la msiba

Siku moja ya utulivu, mtu wake wa karibu amuulize hivi: "Ukiwa katikati ya bahari na mzazi wako akafariki, tukwambie au tusubiri ufike?"

Najua. Kinywa kinakuwa kizito. Lakini msipomuuliza, siku hiyo ikija mtalazimika kumwamulia, na mtagombana wenyewe kwa wenyewe mkiwa msibani. Kuna anayetaka kujua papo hapo. Kuna anayesema akiwa peke yake, siku kumi kutoka nchi kavu, hawezi kufanya lolote ila kulia na kusahau kufunga kamba yake ya usalama, basi afadhali asubiri. Yote mawili ni majibu sahihi. Mnachotaka ni jibu, limeandikwa kwenye daftari, na kila wa familia amelisikia.

Ulizeni pia la upande wa pili: yeye mwenyewe akivunjika mkono au akiumwa, anataka mama yake aambiwe au habari iishie kwa mshika daftari?

Funguo za nyumba, nywila, wosia, ada za watoto, nani analisha paka: hayo yanamalizwa kikao hicho hicho. Kwa dakika kumi.

## Hatua ya 5: Zawadi zipimwe kwa mkono

Boti ya mtu mmoja ni chumba kidogo kinachotikiswa usiku na mchana. Kila kilichowekwa ndani lazima kifungwe mahali, la sivyo kitaruka. Zawadi nzuri inaingia kwenye kiganja cha mkono na haihitaji chaji.

Msimpe kioo cha aina yoyote, wala chupa. Msimpe maboksi ya kadibodi: mende hutaga humo, na akishabeba mayai ya mende ameyabeba hadi ng'ambo. Msimpe kitu chenye harufu kali, maana siku tatu za mwanzo tumbo lake litakuwa linatafuta kisingizio tu. Na msimpe pombe "ya kusherehekea katikati ya njia". Hakuna wa kumpokea usukani.

Barua ndiyo zawadi inayoshinda zote. Kila bahasha iandikwe juu yake siku ya kufunguliwa: usiku wa pili, nusu ya njia, siku ya kwanza isiyo na upepo. Hiyo ya siku isiyo na upepo ndiyo wengi husema waliishukuru zaidi, kwa sababu dhoruba humpa mtu kazi, lakini shwari humpa mawazo. Andikeni mambo ya kawaida. Nani amegombana na nani, gari limeharibika nini, mtoto kasema nini. Barua za kumwambia yeye ni shujaa hazisomeki mara ya pili.

Zawadi zote zifike siku 3 kabla, apate muda wa kuzipangia mahali au kuzikataa. Kinachotolewa gatini asubuhi ya safari kinaishia kukanyagwa chini ya miguu.

## Hatua ya 6: Sherehe iwe usiku wa pili kabla ya safari

Si usiku wa mwisho. Narudia: usiku wa pili kabla, na iishe mapema.

Anayesafiri peke yake hana wa kupokezana naye zamu. Karibu na pwani, penye meli za mizigo na boti za wavuvi, wengi hulala vipande vya dakika 15 hadi 20, wakiamka kutazama upeo wa macho. Hesabu yake ni hii: meli ya mizigo inayokwenda maili 20 kwa saa ikielekeana uso kwa uso na boti ya maili 5, zinakaribiana kwa maili 25 kwa saa. Kwa dakika 20 zimekwisha kula maili 8 na ushei. Meli ambayo haikuwepo alipofumba macho inaweza kuwa juu yake anapoyafumbua.

Usiku wa kwanza na wa pili ndio mgumu kuliko yote: meli ni nyingi, mwili haujazoea mtikisiko, na kulewa bahari huzidi kwa mtu aliyekesha au aliyekunywa. Mkimkesheza, usingizi mliomnyima utamdai huko.

Usiku wa mwisho ni wake. Alale saa 8 ikiwezekana. Mmoja wenu akae na simu yake ya kawaida na kujibu salamu za watu kwa niaba yake.

## Hatua ya 7: Iacheni tarehe iwe laini

Utabiri wa hali ya hewa unaaminika kwa siku chache za mwanzo, na ukivuka wiki moja unakuwa zaidi wa kukisia. Maana yake siku ya kuondoka hujulikana vizuri siku mbili tatu kabla, si mwezi kabla.

Hapa marafiki huua bila kujua. Watu wameomba ruhusa kazini, wamesafiri usiku kucha, mabango yamechorwa. Baharia anatazama mawingu, anatazama nyuso zenu, anaona haya kusema "si leo". Anatoka. Nimeona hilo kwa macho yangu, na aliyetoka alirudi baada ya saa 9 tanga limechanika, bahati yake ilikuwa ni kuwa bado karibu.

Pangeni neno la siri. Akimwambia mshika daftari neno hilo, hata kamba zikiwa zimebaki moja, ni mshika daftari anayetangaza kuwa safari imeahirishwa. Hasemi sababu. Watu wamlaumu yeye.

Jambo moja la makaratasi: akishagongewa muhuri wa kutoka kwenye pasipoti na kupewa kibali cha bandari, mara nyingi hupewa muda mfupi wa kuondoka. Kwa hiyo muhuri ugongwe utabiri ukishatulia. Na ukishagongwa, msipande boti yake kumsindikiza "hadi mlango wa bandari tu". Majina yenu hayamo kwenye orodha ya waliomo.

## Hatua ya 8: Asubuhi gatini

Fikeni saa moja kabla. Si tatu. Kazi zipangwe hivi.

Picha kwanza. Ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto, omo (mbele ya boti), tezi, sitaha kutoka juu, na yeye mwenyewe akiwa amevaa nguo zake za bahari. Hizi ni picha za kazi. Rubani anayetafuta boti nyeupe ndani ya povu jeupe anahitaji kujua kuna kitambaa cha rangi ya machungwa nyuma ya mlingoti. Zikipatikana, mshika daftari azihifadhi papo hapo. Za kujipiga zije baadaye.

Faragha. Dakika 20 na wa kwake wa ndani, wengine wote mtoke gatini. Msipige picha machozi ya watu.

Maneno. Semeni kwaheri ya kuonana, safari njema, Mungu akufikishe. "Buriani" liacheni ndani ya mashairi, linamfaa maiti. Kama kuna shangazi anayeamini safari haianzwi Ijumaa, na baharia naye anaamini, isiwe Ijumaa. Ubishi huo hauna faida asubuhi hiyo.

Kamba. Hapa nina kidonda, kwa hiyo nivumilieni.

Mshika kamba mmoja, au wawili kama boti ni kubwa, wenye glavu. Wengine wote warudi nyuma hatua tano. Kabla injini haijawashwa, baharia aeleze kamba ipi inaanza na ipi ya mwisho. Inategemea upepo: ukiisukuma boti kwenye gati, anaweza kuhitaji kuegemea kamba moja ya mshazari hadi omo au tezi ifunguke, ukiivuta nje, zote zitatoka haraka. Yeye ndiye anayejua. Hata kama nawe una boti, nyamaza.

Akisema "tezi, fungua", jibu "tezi, nafungua", ndipo ufungue. Ukimaliza, "tezi, huru". Kamba ikunje mkononi na umkabidhi au uiweke juu ya sitaha. Isiguse maji. Kama kamba imezungushwa kwenye nguzo na ncha zote mbili ziko kwake, ataivuta mwenyewe. Kazi yako ni kuangalia tu isinase.

Boti ikielekea kugonga, usiizuie kwa mguu wala mkono. Boti ya futi 30 ina uzito wa tani kadhaa, nayo itaupondaponda mguu bila kupungua mwendo. Sogeza mpira wa kinga katikati, au ipige gati. Rangi hupakwa upya.

Ikienda sawa, hamtasikia kelele yoyote. Kamba zote ziko ndani ya boti, hakuna aliyeruka, na boti inaondoka taratibu kana kwamba haina mtu.

## Hatua ya 9: Boti ya kusindikiza

Si lazima. Ikiwepo, nahodha wake asiwe mmoja wa wanaolia.

Kaeni nyuma yake na upande ambao upepo unakwenda, umbali wa mita 50 au zaidi. Punde atasimamisha omo kwenye upepo ili atweke tanga kubwa. Wakati huo yuko mlingotini, usukani unashikwa na mtambo, na boti karibu imesimama. Mkimkatia mbele au mkimpelekea mawimbi yenu, tanga linapigapiga na yeye anarushwa. Subirini. Tanga likijaa, pungeni.

Msifyatue fataki za majini. Mwanga mwekundu baharini ni mwito wa kuokolewa, na kuna mtu ataagiza boti ya uokoaji itoke. Msipige soga kwenye chaneli 16 ya redio. Honi pia iacheni: milio mitano mifupi ya haraka kwa sheria za bahari inamwambia hamjaelewa anafanya nini.

Kituo cha kugeukia kiamuliwe nchi kavu: boya fulani, rasi fulani. Hesabuni watu, hesabuni mafuta ya kurudia, mkikumbuka mkirudi mnaweza kukutana na upepo usoni. Mkifika hapo, geukeni. Anayesema "kidogo tu" asisikilizwe, kwa sababu baharia naye anawasubiri mwondoke ndipo avue koti la kuaga na kuanza kazi.

Waliobaki ufukweni wataona tanga muda mrefu kuliko wanavyodhani. Mlingoti wa mita 14, kwa macho yaliyo mita 2 juu ya maji, hupotea nyuma ya mzingo wa dunia kwenye maili 10 hivi. Kwa mwendo wa maili 5 kwa saa ni kama saa mbili, hewa ikiwa safi. Waleteeni wazee viti.

## Hatua ya 10: Kuanzia usiku huo

Ujumbe wa kwanza hutoka kwake, kwa saa mliyopatana. Msimtangulie.

Mkianza kuandikiana, kumbukeni vifaa vingi vya satelaiti hubeba herufi 160 kwa ujumbe. Msiulize "uko wapi?", ramani inawaambia. Msiulize "hali ya hewa vipi huko?" akiwa ndani yake. Swali lolote ni kazi ya kuandika kwa vidole vilivyokauka kwa chumvi. Mpeni habari, asiwe na deni la kujibu. Mtu mmoja kwa siku, kwa zamu, inatosha.

Ramani ya kufuatilia itaonyesha mambo ya ajabu. Atageuka nyuma maili 6: alikuwa amesimamisha boti ili alale au arekebishe kitu. Atakwenda zigizaga: upepo uko mbele yake. Atasimama siku nzima: shwari. Mshika daftari aandike, na awajibu ndugu wenye wasiwasi kwa sentensi moja inayofanana kila siku, hata kama anachoshwa.

Akifika, ujumbe wake ni "nimefunga kamba". "Naona nchi" haitoshi, kwani maili za mwisho karibu na miamba, akiwa hajalala, zina hatari yake. Mkishaupata, mshika daftari apige simu kwa yeyote aliyewahi kupewa taarifa ya safari, hasa kituo cha uokoaji kama kilihusishwa, waifunge. Kisha aandike saa, kwa UTC, azime mlio wa simu, alale.